Halmashauri na manispaa: hawataki, hawajui au hawaruhusiwi kubana umeme na kufunga sola?

#1 Kokotoa
Wakuu salama. Chukua mpango mkakati wa halmashauri yoyote siku hizi, hukosi ukurasa wa nishati jadidifu, una picha ya paneli na mtoto anatabasamu. Sasa ingia kwenye jengo lao saa sita mchana. Taa za korido zinawaka zote, kiyoyozi kinapuliza na dirisha liko wazi, printa ya ofisi isiyo na mtu imewashwa toka Ijumaa. Taa za barabarani ndo usiseme, jua liko utosini nazo zinawaka.

Mimi dai langu ni hili: HAWATAKI. Sio kwamba hawajui na sio kwamba hawana hela. Tatizo umeme uliookolewa hauna utepe wa kukata. Ukisimamisha nguzo za sola unaita waandishi wa habari, ukishusha bili kwa theluthi utamwita nani aje kuona nini? Njooni mnipinge.

#2 Chokochoko
Siti ya mbele nimewahi. Wenye nondo washushe.

#3 MhasibuMkavu
Kokotoa unaonea watu, na inaonekana hujawahi kukaa kwenye kikao cha bajeti. Nikupe picha. Kununua taa mpya au paneli ni fungu la maendeleo, kulipa bili ya umeme ni fungu la matumizi ya kawaida. Hayo mafungu mawili hayaongei. Mkuu wa idara ya ujenzi anaombwa atoe hela kwenye miradi yake ili bili ipungue kwenye fungu la utawala, yeye anapata nini? Hapati kitu.

Halafu kibaya zaidi ni hiki, idara ikijibana kweli na bili ikashuka, mwaka unaofuata ukomo wa bajeti unashushwa kwa kuangalia matumizi halisi ya mwaka jana. Yaani ukiokoa unaadhibiwa, ukiteketeza unaongezewa. Katika hali hiyo mtu mwenye akili timamu anafanya nini? Anaacha taa ziwake.

#4 Kokotoa
Mhasibu hapo umenena, lakini si ndo kutotaka kwenyewe huko? Hizo taratibu za mafungu zimeandikwa na watu, hazijashuka na mvua.

#5 BintiUhandisi
Na kuna waliozibadili. Jiji la Stuttgart kule Ujerumani toka 1995 lina mfuko wa ndani. Kitengo chao cha nishati kinaikopesha shule au hospitali ya jiji hela ya kubadili taa, boila (mtambo wa kupasha maji moto), insulesheni (kuzuia joto lisipotee), halafu ile taasisi inaendelea kupewa bajeti ileile ya nishati kama mwanzo, tofauti iliyookolewa ndo inarudisha mkopo mpaka uishe. Ukiisha, akiba inabaki kwao. Hela inayorudi inaenda kwenye mradi mwingine. Hakuna benki ya nje wala mfadhili wala kongamano.

Kwa hiyo hoja ya #3 ni kweli ila ina dawa, na dawa yenyewe ni ya kihasibu kabisa, fundi anaingia baadaye.

#6 MhasibuMkavu
Dawa ipo ndio, ila ona ilipo: inahitaji mtu wa hazina akubali kutogusa hela iliyookolewa mpaka mkopo uishe, tuseme miaka saba. Miaka saba! Mimi nimewaona wanaoshindwa kuiacha miezi saba.

#7 FundiBetri
Nyie mnaongelea vitabu, mimi niongelee nguzoni. Niliitwa na halmashauri moja (siitaji) kuangalia taa za sola ambazo zote mtaa mzima zilikuwa zimekufa, hazijamaliza hata miaka miwili. Nikapanda, nikafungua boksi la kwanza. Betri imevimba kama tumbo la chura, stika ya nje inasema uwezo fulani, ukiipima hata ilipokuwa mpya isingefika nusu ya hapo. Boksi ni la chuma, limepakwa rangi nyeusi, halina tundu la hewa, limefungwa juu kabisa chini ya paneli. Betri ya asidi ina kanuni yake ya kukadiria, kila nyuzi 10 zikizidi juu ya 25 umri wake unakatika nusu, sasa wewe umeiweka kwenye oveni unategemea nini. Na paneli juu vumbi limeganda mpaka huoni seli.

Nikauliza mkataba wa matengenezo uko wapi. Hakuna. Tenda ilikuwa ya kusimika tu. Nikauliza nani anafuta paneli, wakaangaliana.

Kwa hiyo ukimkuta mkurugenzi hataki kusikia neno sola usimwite mjinga, kashaungua huyo. Yeye anajua taa ya waya mkandarasi akikimbia inaendelea kuwaka.

#8 Chokochoko
"wakaangaliana" 😂😂 hiyo ndo ripoti nzima ya tathmini, ondoa kurasa nyingine zote.

#9 DiwaniMstaafu
Vijana, nimekuwa diwani vipindi viwili, naomba mnisikilize bila kunizomea.

Mwananchi wa kata yangu hajawahi hata siku moja kuniuliza barabara yake inatumia wati ngapi. Anauliza lami, anauliza maji, anauliza kwa nini kona ile giza na watu wanaporwa. Nikisimama mkutanoni nikasema "ndugu zangu tumepunguza matumizi ya umeme" nitaulizwa hiyo hela iliyopungua iko wapi, nani kaila. Mimi sikuwa napinga, nilikuwa nasubiri mtu aniletee jambo ambalo mwananchi analiona. Taa za LED nilizipigania kwa sababu zinaonekana, na lami ya kata yangu iliwekwa enzi zangu pia, hilo liandikwe.

#10 BintiUhandisi
Shikamoo mzee. Kwenye LED uko sahihi, ndo sehemu pekee ambapo siasa na hesabu zinaelekea upande mmoja. Los Angeles walianza 2009, wakabadili taa zaidi ya 140,000, umeme wa taa hizo ukapungua kwa zaidi ya asilimia 60. Mtaa unang'aa zaidi na bili inashuka, diwani gani atakataa hapo.

#11 DiwaniMstaafu
Marahaba mwanangu. Umeona eh.

#12 Nyuki_Mtundu
Kung'aa zaidi sio sifa jamani. Davis, California 2014 walifunga LED nyeupe kali, wakazi wakaja juu eti wanaona kama wako uwanja wa mpira chumbani kwao, jiji likalazimika kubadili nyingi tena kuweka za mwanga wa njano kidogo. Wadudu wa usiku nao wanavurugwa. Mnaookoa umeme muwe mnatuuliza tunaolala.

#13 Chokochoko
Mbona huku kwingine wanalia giza wewe unalia mwanga. Tugawane basi.

#14 MsomaMita
Naona mnazunguka kichaka. Swali la kwanza ni hili: hiyo manispaa inapata hela wapi? Angalia Afrika Kusini. Manispaa kule nyingi zinanunua umeme wa jumla kwa Eskom (shirika la umeme la taifa kule), zinaongeza chao, zinauzia wakazi, na ile faida inalipia huduma nyingine. Sasa leo tajiri wa mjini anafunga paneli 20 na betri, mteja mzuri kapotea. Na anayeondoka kwanza ni yule anayelipa kwa wakati, anayebaki ni yule mwenye deni. Hapo unategemea idara ya umeme ishangilie sola ya juu ya paa? Wataweka fomu ya kurasa kumi, mita maalumu, ada ya kila mwezi.

Na wala sio roho mbaya, wanalinda mapato. Kwa hiyo #1 anaposema hawataki, mimi nasema wana sababu ya pesa ya kutotaka na hiyo hutaiondoa kwa semina.

#15 Nyakati
MsomaMita mfano wako umeukata katikati. Cape Town haohao ndo walioenda mahakamani kudai ruhusa ya kununua umeme moja kwa moja kwa wazalishaji binafsi, na Oktoba 2020 kanuni zikabadilishwa kuruhusu manispaa zenye hali nzuri kifedha kufanya hivyo. Aliyekuwa anazuia hapo ni serikali kuu.

Mimi hoja yangu ndo hiyo, wengi mnawalaumu watu wasio na rungu. Uingereza, sera ya mipango ya 2015 iliweka masharti ambayo kwa vitendo yalisimamisha mitambo mipya ya upepo ya nchi kavu England yote, halmashauri itake isitake, mpaka yalipofutwa Julai 2024. Berkeley kule Marekani 2019 walipiga marufuku bomba la gesi kwenye majengo mapya, wa kwanza nchi nzima, 2023 mahakama ya rufaa ikaitupa sheria yao. Kinyume chake Denmark: sheria ya joto ya 1979 iliziagiza manispaa zipange zenyewe nyumba zitapashwaje joto, wakapanga. Kenya nayo katiba ya 2010 imewapa kaunti usambazaji wa umeme na gesi kwenye orodha ya kazi zao, na sheria ya nishati ya 2019 inawataka wawe na mipango ya nishati ya kaunti. Mwenye mamlaka ndo wa kuulizwa.

#16 Kokotoa
Nyakati, kuwa na mpango kwenye kabati ndo kitu nilichoanza nacho uzi. Mamlaka bila nia ni bure. Växjö, Sweden, mji wa kawaida tu, baraza lao 1996 vyama vyote vikakubaliana kuachana na mafuta ya kisukuku (petroli, makaa, gesi asilia). Hakuna aliyewalazimisha.

#17 Baharia_wa_Nchi_Kavu
Sweden tena. Kila uzi wa nishati lazima tupelekwe Sweden. Hao wana hela mkuu, na misitu nje ya dirisha. Hata mimi ningekuwa na nia.

#18 Kokotoa
Haya chukua Güssing, Austria. Kamji kalikuwa kwenye moja ya maeneo masikini kabisa ya nchi ile, vijana wanaondoka, bili ya mafuta inakausha hazina. 1990 wakaamua majengo ya umma yaache mafuta, wakaanza kwa kubana matumizi kwanza, halafu wakaja na joto la kuni na mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mbao 2001. Masikini hao.

#19 MhasibuMkavu
Malizia hadithi basi. Ule mtambo wa gesi ya mbao baadaye ulifilisika. Ruzuku ya bei ya umeme ilipokuwa inaisha hesabu zikakataa. Kubana matumizi kulibaki, mtambo haukubaki.

#20 Kokotoa
Umeona? Kubana kulibaki. Asante kwa kunisaidia.

#21 Chokochoko
Hahaha Kokotoa hata ukimpiga anashukuru.

#22 Pweza
Na Samsø je? Kile kisiwa cha Denmark serikali iliwajengea mitambo yote ya upepo bure, hata mimi ningekubali.

#23 Nyakati
Pweza hapana. Walichoshinda 1997 yalikuwa mashindano ya kuchagua kisiwa cha mfano, mitambo yenyewe wakazi walinunua hisa, wakulima wengine walichukua mtambo mzima. Ya baharini ni 10 na mitano kati ya hiyo ni ya manispaa. Ndo maana ugomvi wa "inaharibu mandhari" ulipoa, ukiwa na hisa kelele ya panga la mtambo inageuka muziki.

#24 Pweza
Kwa hiyo dawa ni wananchi wapewe hisa? Kwa sababu kwetu (naongelea nilikoishi zamani) diwani alikuwa tayari kabisa, waliogoma ni wakazi. Mtambo mmoja tu ulipangwa ukae kilimani, walijaza ukumbi, wengine wanasema utaua popo, wengine utashusha thamani ya nyumba, mmoja akasema utamwibia upepo wa shamba lake 😀. Diwani akanywea. Mngelaumu halmashauri hapo?

#25 Bi_Hesabu
Nimesoma toka juu nimesubiri mtu aseme, hajatokea. Waoga wana haki ya kuogopa!! Nottingham kule Uingereza walianzisha kampuni yao ya nishati 2015 iwasaidie wakazi bei nafuu, imefungwa 2020, hasara karibu pauni milioni 38. Thurrock, halmashauri nyingine hukohuko, walikopa mamia ya mamilioni ya pauni wakayatia kwenye uwekezaji, sehemu kubwa biashara za sola, Desemba 2022 wakatangaza hawawezi kusawazisha bajeti. Georgetown, Texas walijisifu umeme wao wote ni wa upepo na jua, 2018 wakapoteza karibu dola milioni 7. Hiyo ni hela ya zahanati na shule. Mimi nikiwa mkurugenzi nasoma hizo habari, nafunga faili, nalipa bili yangu kama kawaida naenda nyumbani.

#26 BintiUhandisi
Dada hiyo mifano mitatu haina kosa moja. Georgetown upepo ulizalisha vizuri tu, walichokosea ni kujifunga miaka mingi kununua umeme mwingi kuliko wanaoutumia, bei ya soko ikaanguka na ile ziada wakawa wanauza kwa hasara. Wangejifunga hivyohivyo kwa makaa wangelia vilevile. Nottingham ilikuwa biashara ya rejareja ya umeme, ambayo kampuni binafsi nyingi zilikufa humohumo. Thurrock ni kamari ya mikopo, ingekuwa hoteli badala ya sola matokeo yangekuwa yaleyale.

#27 Bi_Hesabu
Mlipa kodi hajali ni kosa la aina gani.

#28 MsomaMita
Hapo Bi Hesabu kampiga Binti, tuseme kweli.

#29 Fundi_Pampu
Habari zenu. Mmeongea sola, upepo, taa. Hakuna aliyetaja MAJI hata mmoja na nyie ni watu wazima. Sehemu nyingi bili kubwa ya umeme ya serikali ya mtaa haiko kwenye taa wala viyoyozi, iko kwenye pampu za maji safi na maji taka. Kaangalieni.

Nimefanya kazi kwenye kituo kimoja cha kusukuma maji. Pampu kubwa, ilinunuliwa kwa hesabu za mji utakavyokuwa baadae, kwa sasa maji yanayohitajika ni machache. Wanafanyaje? Wanabana valvu. Mota inazunguka spidi ya mwisho na valvu imefungwa nusu, bomba linatetemeka, ukiweka mkono unasikia. Ni sawa na kuendesha gari umekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Kifaa cha kupunguza mwendo wa mota kipo, ukishusha mzunguko mpaka asilimia 80 umeme unaoliwa unashuka karibu nusu, kwa sababu nguvu inakwenda kwa mwendo mara tatu yake. Tuliandika dokezo. Likaenda. Halikurudi.

Na maji yanayovuja njiani yote yameshalipiwa umeme wa kuyasukuma. Kuziba bomba ni kuokoa umeme, ila hilo nalo halina utepe.

#30 BintiUhandisi
Safi sana. Nirekebishe kidogo wasomaji wasije wakabeba hiyo nusu kila mahali: inafikia hapo pale ambapo kazi kubwa ya pampu ni kushindana na msuguano wa bomba. Kama inapandisha maji kwenye tenki la kilimani, kimo kinabaki kilekile hata ukipunguza mwendo, akiba inakuwa ndogo, na ukishusha sana maji hayafiki kabisa. Hapo bora kubadili pampu iendane na kazi. Pia "mara tatu yake" iandikwe kipeo cha tatu, 0.8 x 0.8 x 0.8.

#31 Fundi_Pampu
Chetu kilikuwa tambarare. Kipeo sawa, nyie wa chuo mnapenda vipeo.

#32 MhasibuMkavu
Dokezo lenu lilikwama kwangu au kwa mwingine kama mimi, na nawaambia kwa nini. Sheria za manunuzi wengi wanazisoma kama "bei ya chini ndo ishinde". Pampu ya bei ndogo inayokula umeme miaka 15 inaishinda pampu ghali inayokula kidogo, kwa sababu fomu ya kulinganisha haina safu ya umeme. Mkaguzi akija anauliza kwa nini ulichukua ya bei ya juu, hakuulizi bili. Ukijaza safu ya gharama za umri mzima wa kifaa kwenye nyaraka za tenda toka mwanzo hakuna wa kukugusa, ila lazima iwe toka mwanzo, sio baada ya bahasha kufunguliwa.

#33 FundiBetri
Na safu ya nani anafuta paneli.

#34 Lulu_wa_Mjini
Mnasahau halmashauri sio mnunuzi tu, ni mtoa vibali pia. Barcelona walipitisha sheria ndogo ikaanza 2000, jengo jipya au linalokarabatiwa sana, kwa kiwango fulani cha matumizi ya maji ya moto, lazima asilimia 60 ya joto hilo litoke kwenye jua. Hawakutoa hela nyingi, walitumia mhuri tu. Miji mingine ikaiga na 2006 Spain nzima ikaweka sharti kama hilo kwenye kanuni za ujenzi. Hapo hakuna betri ya kuvimba wala mkopo wa Thurrock.

#35 FundiBetri
Lulu na huko vilevile kuna mifumo ilifungwa ili kibali kitoke halafu ikatelekezwa juu ya paa, maana mkaguzi anaangalia siku ya kwanza tu. Ukiweka sharti la kufunga bila sharti la kufanya kazi unapata mapambo.

#36 Lulu_wa_Mjini
Sikatai, ila bora mapambo 3 na 7 yanayofanya kazi kuliko 10 zilizobaki kwenye karatasi za mpango mkakati.

#37 Baharia_wa_Nchi_Kavu
Mimi naona mnatafuta sababu kubwa kubwa, kumbe mara nyingi ni mtu mmoja. Nimeona ofisi ambayo kulikuwa na bwana mmoja wa majengo, kila Jumatatu anasoma mita zote mwenyewe na daftari, akiona namba imeruka anaenda kutafuta. Aligundua taa za maegesho zinawaka mchana kwa sababu kile kijicho cha kuhisi mwanga juu ya taa kimefunikwa na kinyesi cha ndege, akakifuta na kitambaa, basi. Alipohamishwa daftari likapotea na ndege wakarudi.

#38 Kokotoa
Kwa hiyo sasa tuna: hawataki, bajeti inaadhibu, mapato, hawana rungu, wananchi wanagoma, wameungua, wanaogopa hasara, manunuzi, na ndege. Kura yangu bado iko kwenye hawataki.

#39 Nyakati
Kura yako ilikuwa hapo hata kabla hujafungua uzi.

#40 MsomaMita
Swali kwa walio ndani ya mfumo, Mhasibu na Mzee Diwani: hivi bili ya umeme ikifika halmashauri inasomwa na nani? Sio kulipwa, KUSOMWA. Ile ya kuona kituo namba fulani kimepanda mwezi huu.

#41 MhasibuMkavu
Kwangu zilikuja zimefungwa pamoja, jumla imeandikwa juu ya bahasha kwa kalamu. Tulikuwa tunaangalia jumla. Mita nyingine hatukujua hata ziko jengo gani, moja tulikuja kugundua ni ya stoo iliyobomolewa zamani na ada ilikuwa inaendelea kukatwa.

#42 Chokochoko
Stoo imekufa, mita inaishi 😂 Hii ni mirathi sasa.

#43 Fundi_Pampu
Mzee Diwani hujajibu wewe. Na dokezo la valvu lilipita kwenye kamati kama za kwenu, mlikuwa mnafanya nayo nini?

#44 DiwaniMstaafu
Mwanangu, dokezo lenye mchoro wa valvu likija saa kumi na moja jioni, ajenda ya kumi na nne, mwenyekiti anauliza "kuna mwenye hoja?" tunasema hakuna. Ningeletewa kwa namna hii yako ya gari na breki ningeelewa.

#45 Fundi_Pampu
Kumbe. Naliandika upya basi, ukurasa mmoja, bila vipeo. Binti usilisahihishe.

#46 BintiUhandisi
Nitumie PM kabla hujalipeleka.